Picha ya Wanawake wa Ambanoro

Hadjira binti Soulé hakuvunja kioo. Lianze hilo, maana ndilo lililozunguka mji wa Mahajanga kuliko mengine yote: kwamba mjane wa Daoud mpiga picha, alipoona mambo ya nyumba ya mumewe yametundikwa ukutani mbele ya watu, alichukua kile kioo ambacho picha ilitokea akakipiga kwenye kizingiti, na vipande akavitupa baharini. Waliosema hivyo wengi wao hawajawahi kukivuka kizingiti hicho. Kioo kipo, kizima, kimefungwa katika kitambaa cha pamba, na chumba kilimo kina ufunguo mmoja.

Pia nyumba ya Daoud haikuwa na tromba. Tromba ni roho za wafalme wa zamani wa Kisakalava, zinazowapanda watu na kusema kwa vinywa vyao. Ni jambo kubwa, lina heshima yake, na wenyewe wapo. Lakini baba yake Daoud alikuwa mtu wa Ngazija aliyesomesha Kurani barazani kwake mpaka macho yalipomwishia, na chini ya dari la nyumba ile haikupigwa ngoma ya namna hiyo hata mara moja. Na lile la kwamba Daoud alijibanza nyuma ya pazia akapiga picha wake za watu wakiwa vichwa wazi, halistahili kujibiwa. Litajibiwa tu kwa sababu jibu lake ni maisha ya Hadjira.

Alizaliwa Ambanoro, kisiwani Nosy Be, katika mojawapo ya zile nyumba za mawe ambazo siku hizi mizizi imezikumbatia mpaka hujui kipi ukuta na kipi mti. Wakati wa utoto wake bado kulikuwa na paa, bado kulikuwa na milango ya kuchongwa, ingawa matajiri walikuwa wamekwisha kuhamia Hell-Ville, mji mkubwa wa kisiwa, na kuwaachia popo ghala zao. Baba yake alikuwa karani wa mfanyabiashara wa Kihindi, mtu wa kola safi, na alimpeleka binti yake kwa masista kusoma Kifaransa asubuhi, jioni akarudi kusoma Kurani.

"Huyu ataolewa na kamusi," majirani walimcheka.

"Kamusi haimtukani mkewe," baba alijibu, na Hadjira akaendelea kusoma.

Aliolewa na Daoud, akahamia Mahajanga. Daoud alikuwa na studio ndogo mtaa wa pili kutoka bandarini: pazia lililochorwa ngazi na maua, kiti cha mkono mmoja, na kamera ya mbao yenye kitambaa cheusi. Nyumbani walisema Kingazija, sokoni Kisakalava, na kwenye karatasi Kifaransa. Kiswahili cha bibi zake Hadjira kilikuwa kimebaki katika dua, katika vipimo vya nguo na katika majina ya sehemu za chombo.

Wanaume walikuja studio. Mabaharia walikuja, makarani walikuja, maharusi wa kiume walikuja na kofia mpya. Wanawake wa nyumba za Kiislamu hawakuja, na wasingekuja. Mume gani angempeleka mkewe akaketi mbele ya macho ya mwanamume mwingine, atazamwe kwa muda wote ule ambao kamera ile iliutaka, tena sura yake ikionekana kichwa chini kwenye kioo cha kamera? Daoud alilifikiria jambo hilo mwaka mzima wa kwanza wa ndoa yao, kisha siku moja akamwita mkewe kwa neno la Kingazija la kumheshimu mwanamke.

"Bweni, njoo ushike hii. Mashine haina dini wala jinsia."

"Nikiiharibu?"

"Nitasema nimeiharibu mimi. Nani atashangaa?"

Hadjira alijifunza. Akawa anakwenda yeye majumbani, mlango wa nyuma, kamera imefungwa katika kanga kama mtoto mgonjwa. Aliwapiga picha mabibi harusi, wazazi wenye watoto wa arobaini, wazee waliotaka wajukuu wawajue. Kila mmoja alimpa ahadi ileile: vioo atavisafisha mwenyewe katika stoo, kwa taa nyekundu, picha itatoka mkononi mwake imefungwa katika bahasha, kioo kitakaa kwake, na hakuna mwanamume atakayekiona, hata Daoud. Na Daoud hakuviona. Mara nyingine alisimama nje ya stoo akauliza, "Imetoka?" na mkewe akajibu, "Imetoka," basi wakaishia hapo. Muhuri uliogongwa nyuma ya picha ulikuwa mmoja tu, wa Daoud, kwa sababu studio ilikuwa ya Daoud na leseni ilikuwa ya Daoud. Ndiyo maana leo mtu akigeuza picha ya mama yake anakuta jina la mwanamume, na anaanza kuwaza mabaya.

Hawakujaliwa mtoto. Daoud alikufa miezi mitatu kabla bendera haijabadilishwa, na Hadjira akasherehekea uhuru akiwa ndani na nguo nyeupe za eda, akisikia bendi ikipita. Baada ya hapo alikuja kujua jinsi nyumba ya mpiga picha inavyonyamaza. Kamera ndogo za mkononi zilikuwa zimeingia mjini, kila kijana ana yake. Wanawake waliomjua walikuja bado, lakini walikuja wakishafiwa na mtu: binti amefiwa na mama yake, anaomba aoneshwe uso wake mara moja kwenye kioo. Hadjira alifungua chumba, akakiinua kioo dirishani, binti akalia, akashukuru, akaenda zake. Hakuna aliyerudi kunywa chai. Akawa anasoma gazeti kwa sauti, lote, mpaka bei za kahawa na vanila, ili kuwe na mtu anayesema. Ijumaa tu ndiyo iliyokuwa na mlio mlangoni: Kamardine, mdogo wake Daoud, alimpelekea sinia la wali kutoka kwake, limefunikwa kawa, na mara nyingine binti yake Mariyama alilileta mwenyewe akakaa kidogo.

Mwaka wa tatu wa uhuru pakaundwa mjini kamati ya kukusanya nyaraka na picha za pwani, kabla hazijaliwa na mchwa. Lilikuwa jambo zuri na Hadjira alilisifu. Katibu wake alikuwa Fazul, kijana wa mtaa wa Mahabibo aliyesomea Tananarive, mji mkuu, mwenye adabu. Walitundika walichokusanya katika ukumbi mmoja, wakatangaza kwamba yeyote mwenye kujua chochote aje awasaidie. Hadjira alivaa vizuri akaenda.

Aliiona kabla hajafika ukutani. Mlango wa kuchongwa wa Ambanoro, ule wenye minyororo na mafundo, na mbele yake wanawake sita juu ya mkeka, vichwa wazi, nyuso zimepakwa, jua limewapiga. Ilikuwa arusi ya Sittou, binti wa jirani, kabla ya vita. Sittou mwenyewe amekwisha kufariki. Wanawe waliikuta picha katika sanduku lake, wakaitoa kwa moyo safi. Chini yake palikuwa na kijikaratasi kilichopigwa chapa kwa Kifaransa, Mahajanga ikiitwa Majunga: "Wanawake wa Kisakalava katika ibada ya tromba, Nosy Be. Picha ya Daoud, Majunga."

"Nani ameandika hii?"

Fazul aliinuka kitini. "Mwenzetu mmoja wa bara, Madamu. Hajakaa sana pwani. Aliona nyuso zimepakwa."

"Aliona liwa. Mti wa msandali, unasagwa juu ya jiwe kwa maji, unapakwa. Mji mzima huu unapaka liwa. Mama yako hapaki?"

"Anapaka. Nilicheka hata mimi nilipokisoma, nikasema kitabadilishwa." Alisogeza kidole karibu na picha bila kuigusa. "Ila huyu wa pembeni, Madamu. Huyu nilimwangalia, nikanyamaza."

Asiyekulia huko aelezwe. Liwa ni ya manjano. Ni ya uzuri, ya arusi, ya kulinda ngozi na jua, na hakuna sheikh anayeikataza. Lakini wale wanaozitumikia roho za wafalme hupakwa udongo mweupe, na mtu wa pwani akiuona uso mweupe hahitaji kuambiwa. Kwa macho, rangi hizo mbili hazifanani hata kidogo. Katika picha isiyo na rangi, iliyopauka miaka yote ile sandukuni, manjano na nyeupe ni ndugu. Aliyejua ipi ni ipi alikuwa yule tu aliyesimama nyuma ya kamera, na aliyesimama nyuma ya kamera alikuwa Hadjira. Daoud siku ile alikuwa msikitini na wanaume, anasoma maulidi.

Alirudi nyumbani, akafungua chumba, akakitoa kioo akakiinua dirishani. Kioo husema kinyume: kilicho cheupe kwa macho, kwake huwa cheusi, na kilicho cheupe zaidi huwa cheusi zaidi. Nyuso tano zilikuwa za kijivu, kama majivu ya jioni. Wa sita, wa pembeni, alikuwa mweusi kama masizi.

Hakuwa amesahau. Alikuwa Hayrat, dada yake Daoud, baba mmoja, mama mbalimbali. Mama yake alikuwa Msakalava wa hapohapo Nosy Be. Asubuhi ya arusi Hadjira mwenyewe ndiye aliyesaga msandali kwa ajili ya bibi harusi na wenzake. Hayrat alichelewa. Alikuja peke yake kwa njia ya nyuma, amekwisha kupakwa, na haikuwa liwa. Hakuna aliyemuuliza ametoka wapi. Sittou alimsogezea nafasi mkekani akasema, "Kaa, dada, jua linapanda," Hayrat akakaa pembeni, na Hadjira akapiga picha. Baadaye wazee wakaona heri Hayrat abaki Nosy Be, asiwafuate nduguze Mahajanga, na akabaki.

Maneno hayakuchukua muda kufika kwa Kamardine, ambaye binti yake Mariyama alikuwa amekwisha kuchumbiwa. Alikuja katikati ya wiki, mikono mitupu, akakaa bila kuvua kofia.

"Shemeji, umesikia wanayoyasema?"

"Nimesikia."

"Wanasema mwanangu ana tromba kwa shangazi yake na kwa bibi yake na kwa nani sijui. Mzee Mmadi, ami wa bwana arusi, ameniita. Hajakataa. Amesema anataka kulisikia kwa masikio yake, kwa mtu aliyekuwepo." Akajivuta mbele. "Wewe ulikuwepo. Neno moja tu. Wote walipaka liwa, basi."

"Unamjua wa pembeni ni nani, Kamardine?"

Alitazama sakafuni. "Simjui."

"Ni dada yako."

"Nimesema simjui! Na kioo hicho ulichokificha, kivunje. Kina faida gani?"

"Kina ahadi."

"Ahadi ya marehemu Sittou! Mariyama yuko hai, shemeji. Mariyama huyu anayekuletea wali."

Hilo lilimwingia. Hadjira alimpenda yule msichana kuliko alivyoonesha, na alijua kwamba neno moja lingemwoza, na lingesafisha jina la Daoud, na lingemrudishia yeye mwenyewe watu mlangoni. Lakini alikuwa amesomeshwa na masista na walimu wa Kurani, waliokataza uongo kwa lugha mbili. Alifunga mzigo akaenda Nosy Be.

Alikwenda kwa barabara, siku za vumbi, mpaka bandari ya Antsahampano, akavuka kwa boti iliyojaa magunia ya mchele. Ambanoro ilinukia mlangilangi. Watu walikuwa wakichemsha maua yake kutoa mafuta ya manukato upande wa pili wa kilima. Mlango wa kuchongwa haukuwepo tena, umeng'olewa, na Hayrat aliishi katika chumba kimoja kilichobaki na paa, nyuma ya nyumba ambayo zamani ilikuwa na vyumba vya kutosha ukoo mzima. Alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Alimtazama mgeni wake kutoka viatuni mpaka mtandioni.

"Ehe! Kamusi imekuja kunitembelea. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, wifi."

"Basi kuna arusi. Kwetu huwa mnanikumbuka kwa hayo mawili, na arusi mnanikumbuka ili nisije."

Hadjira alicheka bila kutaka. Walikaa, wakanywa chai ya mchaichai, na Hadjira akamweleza yote, picha, karatasi, Mzee Mmadi, Kamardine. Hayrat alisikiliza huku akiendelea kutoa mawe katika mchele.

"Nimependeza?" aliuliza mwishoni.

"Wapi?"

"Kwenye picha! Sijawahi kuiona. Sittou alipewa yake, mimi sikupewa. Nimekaa vizuri?"

"Umekaa vizuri. Wewe peke yako hukufumba macho."

Hayrat alitikisa kichwa kwa furaha, kisha furaha ikamwondoka taratibu. "Sasa umekuja nikuruhusu useme nilipaka liwa."

"Nimekuja kuuliza unataka niseme nini."

"Tangu lini?" Aliuweka ungo chini. "Miaka yote hii hakuna aliyeniuliza ninataka nini, hata kaka yangu Daoud, Mungu amrehemu, na alinipenda. Nikutajie jina langu ulipeleke mjini? Watanichezea midomoni, na yule mtoto ataachika kabla hajaolewa. Sitaki. Lakini ukisema wote ni liwa, wifi, basi siku ile mimi sikuwepo. Alikaa pale mtu mwingine. Usiseme uongo juu ya uso wangu."

"Sasa niseme nini?"

"Wewe ndiye uliyesoma."

Hadjira alimwambia ahamie Mahajanga, wakae pamoja, nyumba ni kubwa na tupu. Hayrat alimcheka kwa upole. Alisema huko hana mtu, na hapa ana makaburi ya mama zake na watu wake wanaomjua kwa jina lake. Hakueleza watu gani, na Hadjira hakuuliza. Asubuhi walipeana mkono kama watu wanaojua hawataonana tena, na ndivyo ilivyokuwa.

Aliporudi Mahajanga ikapangwa siku ya kukutana ukumbini mbele ya picha. Siku hiyo Mzee Mmadi alikuja na fimbo yake, Kamardine akiwa kando yake, na Fazul na kalamu. Hadjira alisema akiwa amesimama. Alisema picha ile ni ya arusi ya Sittou, Ambanoro. Alisema Daoud hakuwepo, alikuwa msikitini, na wapo wazee watakaoshuhudia. Alisema aliyepiga picha ni yeye, na picha zote za wanawake zenye muhuri ule alizipiga yeye, na alizisafisha yeye, na kwamba Daoud hakupata kuuona uso wa mke wa mtu. Alisema nyumba ya mumewe haikuwa na tromba. Alisema liwa ya siku ile aliisaga kwa mikono yake.

"Maashallah," alisema Mzee Mmadi. "Nimeridhika. Basi wote sita walipaka liwa yako."

Kamardine alimtazama kwa macho ya mtu anayeomba maji.

"Nimesema liwa niliisaga mimi," alisema Hadjira.

"Nimesikia, binti yangu. Nauliza, wote?"

"Nimeyasema niliyokuja kuyasema, mzee wangu."

Mzee Mmadi alikuwa mtu wa miaka mingi, na hakurudia swali. Alimtazama kwa muda, akaitazama picha, akagonga fimbo sakafuni akatoka. Kamardine alipita karibu na shemeji yake akasema chini kwa chini, "Umetumaliza," naye akatoka.

Hakuwamaliza. Arusi ya Mariyama ilifanywa, imechelewa lakini imefanywa, kwa sababu bwana arusi alimtaka na Mzee Mmadi hakuweka pingamizi. Ila Hadjira hakualikwa. Aliwasikia wakipita na matarumbeta barabara ya juu, akafunga dirisha kwa ajili ya vumbi. Sinia la Ijumaa lilikuwa limekwisha kukoma tangu siku ile ya ukumbini. Mjini wakasema, kama asingekuwa na la kuficha angejibu; na kwa kuwa kioo hakuna aliyekiona, wakasema amekivunja.

Mvua za mwanzo zilipoanza Fazul alimjia nyumbani na karatasi mpya aisome kabla haijapigwa chapa. Iliandikwa: "Wanawake wakiwa na liwa, arusi ya Ambanoro, Nosy Be. Picha ya Hadjira Daoud." Aliona jina lake kwa mara ya kwanza chini ya kazi yake. Alichukua kalamu, akafuta maneno "wakiwa na liwa", akaacha wanawake, arusi, mahali, na jina. Akamrudishia.

Fazul aliisoma, akakunja karatasi polepole. Alikuwa kijana mwema, na aliuliza kwa wema.

"Madamu, haya ni kwa ajili ya watakaokuja. Sisi tukifa hakuna atakayejua. Kioo kikitazamwa na mtu mmoja tu wa kamati, mwanamke, tukampata mwanamke... Au uniambie mimi peke yangu. Sitaandika. Yule wa pembeni ni nani?"

"Karatasi yako iko sawa sasa."

"Angalau kama yu hai."

"Fazul."

"Naam, Madamu."

"Sisemi. Si kwako, si kwa kamati, si kwa Kamardine, si kwa watakaokuja. Chukua mwavuli huo, mvua inakaza."